Darubini ya Baba Nyawira

Naro Moru,
13 Februari 2023

Kwa Alpesh,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama yako Gita na kaka yako Kirit. Sisi hapa tuko salama. Ng'ombe wanakunywa maji ya mfereji, viazi vimekauka kidogo lakini havijafa. Nyawira yuko zamu kwenye zahanati na hajui kwamba ninakuandikia.

Kwanza nishukuru kwa siku ile mliyokuja kubisha hodi. Mzee Nderitu mliyemwomba awasemee alisema Kikuyu kizuri kuliko cha wazee wangu. Mama yako alitikisa kichwa kukubali kila neno, hata pale alipotajwa mbuzi, na sote tunajua nyama haiingii nyumbani kwenu. Nilimpenda kwa hilo.

Ninakuandikia Kiswahili kwa sababu Kigujarati sikijui, na Kikuyu chako, Nyawira anasema, ni cha dukani: bei unazijua zote lakini hujui kumpa pole mfiwa. Kiswahili tumekikuta sote wawili, kwa hiyo hakuna atakayemcheka mwenzake. Najua si desturi baba wa msichana kumwandikia kijana kabla wasemaji hawajamaliza kazi yao. Simu pia ninayo. Lakini kwenye simu vijana husema ndiyo, ndiyo, ndiyo, na baadaye mtu hajui walikubali nini.

Sasa jambo lenyewe. Nimesikia unauliza navaa koti la saizi gani. Ni kweli, kwetu siku ya mahari baba huletewa koti na kofia, na mama huletewa blanketi. Mama Nyawira tulimzika miaka sita iliyopita, kwa hiyo blanketi liacheni. Na makoti ninayo matatu. Moja aliniletea mkwe wangu wa Eldoret, moja yule wa Kitengela, na la tatu nilijinunulia mwenyewe kabla sijapata binti wa kuozesha. Yote ni mazito kama ndama aliyenyeshewa.

Mimi nataka darubini. Sisemi pesa ya darubini, nasema darubini, na uichague wewe mwenyewe. Nikipata inayonifaa nitamwambia Mburu, msemaji wangu, awape tarehe ya harusi. Kabla ya hapo tarehe haipo.

Ni mimi,
Baba Nyawira

*

Nyeri,
17 Februari 2023

Mzee Wahome,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini u mzima na ng'ombe pia. Mama anakusalimu na amekuwekea chevdo kwenye mkebe, ule mchanganyiko wa njugu na pilipili uliousifu. Anasema usile yote kwa siku moja kwa sababu ya tumbo.

Barua yako ilinifanya nicheke na kuogopa kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimeshaweka koti pembeni, rangi ya kijivu, zuri sana. Basi nitalivaa mimi.

Bahati nzuri ni kwamba darubini tunauza. Ziko kwenye kabati la kioo, kati ya redio na saa za ukutani. Nimekuchagulia kubwa kuliko zote. Inavuta vitu mara ishirini, Mzee! Kitu kilicho mbali kinakuja mpaka unataka kurudi nyuma. Watu wengi huiulizia lakini bei huwafukuza. Kwako wewe bei haina neno. Nimeifunga vizuri na kumpa dereva wa gari la vifurushi. Itakufikia kesho kituoni.

Nangoja tarehe kwa hamu. Nyawira naye anangoja, ingawa hajui kuhusu darubini na anadhani bado tunabishana juu ya koti.

Mtoto wako, ukiniruhusu,
Alpesh

*

Naro Moru,
22 Februari 2023

Kwa Alpesh,

Salamu. Sisi wazima, isipokuwa shingo yangu. Chevdo iliisha siku ile ile na tumbo halikusema kitu. Mwambie mama yako.

Darubini yako ninairudisha. Niliipeleka asubuhi juu ya shamba, pale kwenye tangi la maji, nikaielekeza mlimani. Mlima wote ulicheza mugithi kama uko harusini. Nikashikilia pumzi, bado ulicheza. Nikaegemeza kiwiko kwenye tangi, ukapunguza mwendo lakini haukukaa. Na kitu chenyewe ni kizito, mtu akikivaa shingoni anatembea akiwa ameinama kama anatafuta shilingi iliyomwanguka.

Tena kuna hili. Mimi navaa miwani. Uliketi mbele yangu mchana kutwa, tukatazamana, na miwani ilikuwa usoni pangu. Darubini hii ukiwa na miwani unaona kiduara kidogo katikati na giza pande zote. Ukiivua miwani, unahangaika na gurudumu mpaka ndege ameshaenda zake.

Ulinichagulia kama mteja, kijana. Mteja hupewa kubwa na ghali, akafurahi mpaka afike nyumbani. Koti mtu anaweza kumnunulia mwenzake bila kumjua, akakadiria mabega tu. Ndiyo maana sikutaka koti.

Ni mimi,
Baba Nyawira

*

Nyeri,
27 Februari 2023

Mzee Wahome,

Salamu, na pole sana kwa shingo. Mama aliposikia alisema, "Huyo mzee hataki kitu ya kununua, anataka kitu ya kujua." Kisha akanipiga na kitambaa cha kupangusia kaunta.

Kuuliza si ujinga, basi nimeuliza. Kuna jamaa anaitwa Theuri ambaye huwapeleka watalii kutazama ndege upande wa Aberdare. Kila mara hupita dukani kununua betri. Nilimwomba anifundishe, akacheka, halafu Jumapili akanipeleka kwenye ukingo wa msitu na darubini za aina tatu. Nimeuza vitu hivi tangu nimalize shule na sikuwahi kutoka na hata moja nje ya mlango.

Nimejifunza hivi. Inayovuta sana hukuza na mtikisiko wa mkono pia, ndiyo maana mlima wako ulicheza. Inayovuta mara nane hutulia, na unaona eneo pana zaidi, kwa hiyo hupotezi unachokifuata. Kioo cha mbele kikiwa kipana kiasi, huingiza mwanga wa kutosha hata asubuhi ambapo jua halijachangamka. Kwa mwenye miwani kuna mipira midogo ya kuwekea macho. Unaikunja chini, miwani inakaa karibu na kioo na lile giza linatoweka. Kwa ukungu wenu wa Naro Moru inafaa iwe imezibwa kabisa, isinywe maji. Na uzito wake Theuri anapima kwa kuivaa akiteremka kilima: ikimgonga kifua, hanunui.

Sasa na mimi niulize, Mzee. Macho yako yote mawili yako sawa? Mikono inatetemeka? Unatazama ukiwa umesimama au umeketi? Asubuhi au jioni? Na samahani kwa hili la mwisho: unatazama nini?

Ninakutumia mbili uzijaribu. Ile nyeusi ni nyepesi zaidi. Ile ya kijani, Theuri anasema angeinunua yeye mwenyewe.

Mtoto wako, ukiniruhusu,
Alpesh

*

Naro Moru,
8 Machi 2023

Kijana Alpesh,

Salamu nyingi kwako na kwa nyumba yote. Sisi wazima, shingo imepona. Mama yako ni mtu wa akili, msikilize.

Nyeusi ninairudisha. Ya kijani nimebaki nayo kwanza. Jicho la kulia ni zima. La kushoto lilichomwa na tawi nikiwa mbeba mizigo wa wapanda mlima, miaka ile ya nguvu, na tangu hapo linaona lakini linachelewa. Nimeona kuna kigurudumu kidogo upande mmoja cha kusawazisha jicho moja, nikakizungusha mpaka macho yote mawili yakapatana. Mikono haitetemeki. Natazama nimesimama, asubuhi, baada ya kukamua.

Inafanya kazi. Nimeona mbega akimkuna mtoto wake mgongo, mbali kule msituni, na nikacheka peke yangu. Nimemwona pia jirani yangu Gicheru akihamisha kigingi cha mpaka kwa mguu, kidogo kidogo, huku akitazama angani. Macho hayana pazia. Nitamwambia siku moja, sina haraka.

Swali lako la mwisho nilitaka kulipita. Lakini umeuliza vizuri, na hakuna mwingine aliyeuliza.

Nina mabinti watatu. Njoki aliolewa Eldoret na Ngendo akaolewa Kitengela. Siku ya kila mmoja niliwasindikiza mpaka langoni, tukaimba, gari likaondoka, na tangu hapo nawaona Krismasi na kwenye matanga. Si wabaya, maisha ndiyo hivyo. Nyawira ni kitinda mimba. Mama yake alipofariki, yeye ndiye aliyebaki na mimi hapa.

Aliponiambia habari zako, ndugu zangu walisema mengi. Sitayaandika, unaweza kuyakisia, na huenda ndugu zako pia waliyasema yao. Mimi nilipanda juu kwenye tangi la maji nifikirie. Asubuhi ilikuwa safi, na kule mbali nikakiona kilima cha Nyeri. Nikajisemea, huyu angalau atakaa mahali ninapoweza kuelekeza kidole. Hiyo ndiyo sababu niliwakaribisha. Sababu nyingine zilikuja baadaye.

Nyawira anasema nyumba yenu ya Ruring'u ina mabati ya bluu. Basi nataka asubuhi nikimaliza kukamua nipande pale, niyaone mabati yale, nione kama ameanika nguo. Nikiona nguo nitajua kuna watu na wanaishi. Sitaki zaidi ya hapo.

Lakini hii ya kijani haifiki. Kilima kinakuja, miti inakuja, nyumba haziji. Lazima iko nyingine kati ya hii na ile ya mugithi. Nitafutie hiyo na tarehe utaipata.

Ni mimi,
Baba Nyawira

*

Nyeri,
11 Machi 2023

Baba,

Salamu. Natumaini u mzima. Sisi wazima, ila nimelala vibaya tangu barua yako ifike.

Nilimsomea Mama. Akasema, "Wewe mpatie tu ile kubwa na stendi ya miguu tatu. Mabati ya bluu iko mingi Nyeri. Ataona moja, atafurahi." Kusema kweli nilikwenda mpaka kabatini na kuitoa stendi. Kisha nikairudisha. Ungepanda kila asubuhi kutazama nguo za watu wengine ukidhani ni za mtoto wako, na mimi ningekaa nikijua.

Kwa hiyo nakwambia ukweli. Darubini ya kukufikisha nyumbani kwetu haipo. Kutoka kwako hadi hapa, hata kwa njia ya ndege, ni kama kilomita thelathini. Ya kijani ikivuta mara nane, ni kama umesimama karibu kilomita nne kutoka mlangoni kwetu. Nyumba kwa umbali huo ni punje. Hata ukipata inayofika, Theuri anasema vumbi na joto la hewa hufunika kila kitu, na Ruring'u yenyewe imejificha nyuma ya mwinuko. Si kosa la macho yako wala la kioo.

Ukweli wa pili ni mchungu zaidi. Tunafungua duka Meru, ng'ambo ya soko, mkabala na hoteli ya ghorofa. Kirit ana watoto shuleni hapa, kwa hiyo mimi ndiye nitakayelisimamia. Juu ya duka kuna vyumba viwili, tutakaa humo baada ya harusi. Nyawira alipanga tukwambie pamoja ukishatoa tarehe. Lakini ulivyoandika kuhusu tangi la maji, nimeona nikiingoja tarehe nitakuwa nimeiiba.

Meru iko nyuma ya mlima, Baba. Hakuna darubini ya kuupita mlima. Nakuomba radhi.

Mtoto wako,
Alpesh

*

Nyeri,
20 Aprili 2023

Baba,

Salamu za heshima. Mvua imenyesha sana huku. Natumaini viazi havijaoza na kwamba u mzima.

Sijapata jibu lako na siwezi kukulaumu. Nyawira ananiambia unakula, unakamua, unasikiliza habari kwenye redio, lakini neno la harusi likitajwa unatoka nje kutazama mawingu. Amenikasirikia sana. "Si ungengoja tarehe kwanza!" ananiambia, halafu analia, halafu ananiambia nilifanya vizuri, halafu anakata simu. Mzee Nderitu alimwendea Mburu kuuliza, akajibiwa, "Mzee bado anatazama." Nderitu amekuwa msemaji wa harusi nyingi na anasema jibu hilo hajawahi kulisikia.

Tumezungumza nyumbani. Kirit amekubali kwenda Meru yeye, watoto watahamishwa shule. Hakufurahi, lakini amekubali. Mimi na Nyawira tutabaki Ruring'u. Hutaiona nyumba, hilo siwezi kulibadilisha, ila kilima utakiona na utaweza kuelekeza kidole. Kama hilo linatosha, niambie. Kwa sasa nashinda Meru siku nyingi nikipanga rafu, mpaka nijue la kufanya.

Na kama hutaki kabisa, darubini ya kijani ni yako hata hivyo. Nilikuchagulia wewe, haitamfaa mtu mwingine.

Nampenda Nyawira, Baba. Sikuwa nimekuandikia hilo kwa sababu nilidhani linajulikana.

Mtoto wako,
Alpesh

*

Naro Moru,
2 Juni 2023

Mwanangu Alpesh,

Salamu nyingi sana kwako, kwa mama yako, kwa Kirit na watoto wake. Mimi mzima. Viazi vingine vilioza, vingine vimepona.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, nisikufiche. Hasira yenyewe haikuwa kwako. Mtu akiombwa darubini, akaambiwa wazi hakuna tarehe bila darubini, angeleta kioo chochote na kusema ni dawa. Wewe uliniambia haipo. Nilikasirika kwa sababu ulisema kweli. Mwezi mzima wa Aprili nilipanda kwenye tangi na sikuona mlima wala kilima, mawingu matupu. Nikawa kama mtu aliyekuja sokoni siku isiyo ya soko.

Wiki iliyopita nikamwambia Nyawira nakwenda Timau kutafuta mbegu za viazi. Nikapita Timau bila hata kugeuza kichwa, nikashuka Meru. Hoteli ya ghorofa niliipata. Nikapanda juu, nikaketi dirishani, nikaagiza chai na mandazi. Nikakunja ile mipira ya macho ulivyonifundisha, nikatazama duka lako.

Ulikuwa unapangusa kioo cha kabati, mahali pale pale, mpaka nikataka kupiga kelele kwamba kimetakata. Akaingia bibi mmoja na redio iliyofungwa kwa kamba. Uliiweka sikioni, ukaitikisa, ukamkalisha bibi kwenye kiti chako, ukafungua kifuniko. Alipotoka, redio ilikuwa inaimba, na wewe ulikuwa umesahau kujirudishia kiti.

Halafu akatokea Nyawira. Aliniambia ana zamu zahanatini! Siku hiyo tulidanganyana wawili, mimi na viazi vyangu, yeye na zamu yake. Nilimwona kwenye dirisha la juu, amepanda kwenye stuli anapima pazia, wewe umeshika miguu ya stuli kama vile kuna tetemeko. Sijui ulisema nini. Alicheka mpaka akashika ukuta, futi ya kupimia ikamwanguka, akaendelea kucheka.

Alpesh, kicheko kile sijakiona tangu tumzike mama yake. Nyumbani huwa anacheka, ndiyo, lakini ananichekea mimi, ili nisiwe na huzuni. Nilidhani kile chenyewe kilikwenda na mama yake. Kumbe kipo. Kipo Meru. Nilitafuta kioo cha kunionyesha kama mtoto wangu anaishi, nikamwona anaishi, na mimi sikuwa mle ndani, na sikuumia nilivyodhani nitaumia. Nililia, lakini hiyo ni habari nyingine. Ukilia miwani inapata ukungu, na darubini nayo inapata ukungu, na hapo hakuna gurudumu la kusaidia.

Msichana aliyeniletea chai alisimama karibu akinitazama. Akaniuliza, "Mzee, kwani wewe ni mtu wa kanjo, wa kukagua leseni? Mbona unachunguza hiyo duka?"

Nikamwambia, "Hapana. Hiyo duka ni ya kijana yangu."

Kirit asihamishe watoto shule, abaki Nyeri. Nendeni Meru. Tarehe ni Jumamosi, 12 Agosti. Mburu atamwambia Nderitu kesho, kama mila inavyotaka. Mama yako alete chevdo ya kutosha, kwa maana wazee wa huku wameshaisikia.

Baba yako,
Wahome